Kaburi la Kinyozi

Chumba cha Mavazi,
Lilipokuwa ghala la sabuni.
Jumatatu, mchana.

Kwako Dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha shemeji, kisha wanangu wote watatu, na yule paka wenu mwizi naye asikose salamu zake. Natumaini bahasha hii inakukuta mzima na mgongo umepoa. Kama bado unabeba ndoo mbili kwa mpigo, basi usinilalamikie, maana sikio la kufa halisikii dawa. Baba naye anaendeleaje? Bado anabishana na redio kana kwamba inamsikia? Mimi mwili hauna neno, nakula na ninalala. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu umepata barua badala ya simu.

Simu imenishinda, Dada. Wewe simu yako hujawahi kuiweka sikioni tangu uinunue. Unaifungulia sauti juu ya meza ili mikono ipate kukunja nguo, na Baba yupo pale pale kwenye kiti chake, anasikia hata nikimeza mate. Haya ninayokuandikia sitaki ayasikie kutoka juu ya meza. Kwa hiyo tafuta mahali ukae, usome mpaka mwisho, na usiruke mistari kama unavyoruka maagizo ya daktari.

Unajua kwamba tangu mwezi wa tatu nashona mavazi ya ile filamu ya vita, ya wafungwa wanaotoroka kambini na kukata msitu kwa miguu. Nimekwisha kukusimulia vituko vya huku. Msitu wenyewe ni shamba la miti nyuma ya kiwanda cha vigae, na pale majani yalipopungua wamening'iniza ya plastiki. Muongozaji tumempa jina la Tena, kwa sababu hilo ndilo neno analolijua kuliko yote. Mwigizaji mkubwa anatakiwa aonekane amekaa na njaa miaka miwili, lakini kila wiki nafungua mshono wa kiuno nimwongezee nafasi. Nimeshona suruali za maharusi, nimeshona za wanene na wembamba, ila mfungwa wa kambi mwenye kitambi ndiyo kwanza namwona. Kazi yangu hasa si kushona, ni kuharibu. Nikimaliza shati jipya nalichemsha kwenye majani ya chai, nalisugua kwa tofali, nalifukia ardhini wiki nzima, kisha nalifukua na kulichana kwapani. Fundi aliyenifundisha cherehani angeniona, angelia.

Jambo ambalo sikukueleza vizuri ni hili. Mwandishi wa filamu alipokuja chumbani kwangu siku za mwanzo, akiuliza huku na huku kama kuna mtu mwenye ndugu aliyepitia kambi, mimi ndiye niliyempa kisa cha Baba. Nilikaa naye siku mbili nikammwagia yote kama tulivyolelewa nayo: jinsi watano walivyopanga kutoroka, watatu wakanaswa kwenye uzio, na Baba akapenya na rafiki yake waliyemwita Kinyozi. Jinsi walivyotembea siku kumi na moja msituni wakila mizizi na konokono. Jinsi Kinyozi alivyoshikwa na homa, akafia mikononi mwa Baba, na Baba akamchimbia kaburi kwa kifuniko cha sufuria mpaka kucha zikang'oka. Mwandishi alitokwa na machozi. Akasema hicho ndicho kitakuwa kiini cha filamu, na kweli kimekuwa. Ndiyo maana Baba akaletewa ile kadi ya mwaliko, ya kupanda jukwaani siku ya uzinduzi, miezi mitatu kutoka leo. Ulisema ameibandika ukutani kando ya picha ya Mama. Dada, kadi ile inanichoma kila nikiikumbuka.

Wiki iliyopita aliletwa mzee wa kuwashauri waigizaji. Yule wa kwanza aliugua macho, wakamtafuta mwingine aliyepata kufungwa kambini kweli. Ni mzee mwembamba, ana kofia ya pama, anaburuta mguu wa kushoto, na hana maneno mengi. Siku ya kwanza tu aliwafanya waigizaji waone haya. Walikuwa wakila uji wa kambini kwa pupa, wanaumwaga videvuni, ndivyo wanavyodhani njaa inakula. Mzee akasema mwenye njaa ya kweli hamwagi. Anakaa na funda la uji mdomoni mpaka ulimi uchoke, kwa sababu akimeza limekwisha. Tena alinyamaza, na unajua hiyo ni miujiza.

Akaja kwangu pia. Akayashika mashati yangu, akayapapasa kama anayetafuta kunguni, akaniambia kazi ni nzuri ila nimeweka mifuko, na kambini mifuko yote ilikatwa siku ya kuingia. Wafungwa walijishonea kijifuko ndani, chini ya kwapa, mahali mlinzi anaona kinyaa kuingiza mkono. Nilibandua mifuko sitini na nne siku ile, na sikununa. Nilimpenda yule mzee. Nilimwekea kiti kando ya mashine yangu, akawa anakaa hapo wakati wa mapumziko ananichambulia nyuzi.

Sasa Alhamisi asubuhi nilipita chumba cha nywele kupeleka kofia za walinzi. Msusi alikuwa anawanyoa vipara waigizaji wawili, wale wanaotoroka, na mzee amesimama nyuma yake anamwelekeza. Nikasikia anamwambia asimalize. Abakize kishungi kidogo nyuma ya sikio la kushoto, kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Msusi akacheka, akauliza hiyo ni mitindo ya kambi gani. Mzee akamjibu kwamba kinyozi wa kambi aliwaachia kishungi wale tu waliokuwa kwenye mpango wa kutoroka, ili wajuane bila kufungua mdomo, maana kila ukuta ulikuwa na masikio.

Dada, kofia zilinidondoka. Kishungi cha Baba! Wewe ndiye unayemnyoa siku hizi, unajua anavyofoka wembe ukikaribia pale. Tumekua tukimtania kwamba amesahauliwa na kinyozi, na yeye akatuambia ndicho alichoachiwa na marehemu na atakwenda nacho kaburini. Hatukuwahi kumwambia mtu wa nje. Hata yule mwandishi sikumwambia, nilikisahau kabisa. Nilisimama pale mlangoni nikajituliza kwamba pengine mzee huyu ni mmoja wa wale watatu walionaswa kwenye uzio. Hata nikafurahi. Nikajisemea Baba atafurahi kukutana na mwenzake.

Mchana wa siku hiyo hiyo ndipo walipopiga picha ya mazishi. Mimi nilikuwa pembeni na sindano yangu, tayari kushona lolote litakalochanika. Yule mwenye kitambi anachimba kwa kifuniko cha sufuria, mwenzake amelala chini amefunikwa shati langu lililofukuliwa juzi yake. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera. Nikamwona anamwinamia msaidizi, anamuuliza ni nani huyo anayezikwa. Msaidizi akamwambia ni Kinyozi.

Mzee akavua kofia. Akainuka, akaingia katikati ya picha huku kamera zinazunguka, akiburuta mguu wake, akaenda mpaka ukingoni mwa shimo akachungulia. Tena akapiga kelele wasimamishe. Mzee hakumjali. Akasema, polepole kabisa, kwamba huyo mtu hakufa. Akasema huyo mtu leo asubuhi amekula mayai mawili ya kuchemsha, na ana miadi ya meno Jumanne.

Watu wote waliangua kicheko, wakadhani mzee ana utani. Hata maiti ilicheka chini ya shati. Mimi nilikaa juu ya kasha la taa. Nilimtazama yule mzee, nikaitazama ile ardhi, na kichwani mwangu lilikuwa linazunguka neno moja tu: tumelia bure, tumelia bure, miaka yote ile tumemlilia mtu aliye hai.

Nilimshika mkono nikamleta chumba cha mavazi, nikafunga mlango. Nikamketisha kwenye kiti chake kando ya mashine. Nikamuuliza jina lake halisi. Alipolitaja, Dada, alitaja jina la mdogo wetu wa mwisho, la kwanza na la pili, kama Baba alivyoliandika kwenye cheti cha kuzaliwa.

Akanisimulia upande wake, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Kwamba hapakuwa na homa. Siku ya tisa kisiki kilimtoboa unyayo, mguu ukavimba mpaka goti. Siku mbili Baba alimbeba mgongoni, hilo ni kweli, na alilisema kwa heshima. Siku ya kumi na moja wakafika penye kijito na mti ulioanguka. Baba akamketisha juu ya shina, akachukua kisu, akamwambia anakwenda kutafuta njia na chakula, na kwamba kivuli kitakapofika kwenye mzizi ule atakuwa amerudi. Kivuli kikafika. Kikafika tena kesho yake. Alikaa pale siku nne, akinywa maji ya kijito na kuimba ili asikike kwa atakayemtafuta. Waliomsikia ni walinzi. Akarudishwa kambini, akakaa miaka mitatu zaidi mpaka vita vilipokwisha.

Aliporudi kwao alikuta mama yake amekwisha kufariki. Majirani wakamwambia kwamba yeye mwenyewe alikaliwa matanga zamani, kwamba alikuja mfungwa mmoja akasema amemzika kwa mikono yake, na kwamba mgeni huyo alilia mpaka mwenye msiba ndiye akawa anambembeleza. Tangu siku hiyo, anasema, ameishi na swali moja. Alijua mji wetu, Baba alimtajia kambini. Mara mbili alikwenda stendi na begi mkononi, na mara mbili aligeuka basi likiwa linaita. Aliogopa jibu. Hataki kumshtaki mtu, hataki kuombwa radhi. Anataka kujua kama mwenzake alipotea njia, au alimwacha.

Nikamwambia mimi ni nani.

Hakunyanyuka. Alinitazama, anautafuta uso wa Baba ndani ya uso wangu. Na mimi nikamwambia kwamba nyumbani tuna ndugu yetu anayeitwa jina lake. Alichukua shati lililokuwa mezani akajifunika nalo uso, mabega yakawa yanamtikisika, na chini ya lile shati akaniuliza swali lake. Alipotea njia?

Sasa Dada, hapa ndipo penye aibu yangu. Nivumilie.

Unakumbuka Baba alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, miaka tisa iliyopita. Wewe ulikwenda nyumbani kumletea shuka, mimi nikabaki kando ya kitanda. Akazinduka, dawa bado imo kichwani, akanishika kiganja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Hakuniona mimi. Alimwona mtu mwingine. Akasema alirudi. Akasema siku ya pili alirudi na mahindi mabichi matano, akasimama ng'ambo ya kijito nyuma ya kichaka, akamwona amekaa juu ya shina amempa mgongo, anafukuza nzi kwenye mguu na anaimba. Akasema alisimama pale mpaka wimbo ukaisha. Alijua akivuka atambeba, na akimbeba watakufa wote wawili. Akageuka. Mahindi yale akayala njiani, akasema, yote matano. Kisha akaniomba nimsamehe, akaniita Kinyozi, na akasinzia.

Kesho yake aliniuliza kama alisema chochote katika usingizi. Nikamjibu kwamba alikoroma tu kama trekta. Akacheka, na macho yake hayakucheka, na hatukulizungumza tena mpaka leo. Wewe sikukwambia. Nilijishawishi kwamba ni dawa, kwamba mgonjwa huota mengi. Lakini sikuamini, Dada, nilijua. Mtu haoti mahindi matano. Na pamoja na kujua, mwandishi alipokuja, mimi ndiye niliyelichimba lile kaburi mbele yake. Nilidhani likishapigwa picha, likaonwa na watu ukumbini, litakuwa la kweli na mimi nitapumzika.

Basi yule mzee aliponiuliza kama Baba alipotea njia, nilimwambia ndiyo.

Na sikuishia hapo, ungenisikia ungenipiga kofi. Nilimwambia Baba alimtafuta siku nne. Nilimwambia alizunguka kijito mpaka sauti ikamkauka kwa kumwita. Nilimwambia alikwenda kwa mama yake na habari ya kaburi kwa sababu hakutaka mama akae akimtazamia mtu asiyerudi. Uongo ulinitoka laini kama uzi kwenye sindano, mimi mwenyewe nikashangaa. Mzee akalitoa shati usoni. Nilimwona anakuwa kijana. Akaniambia alijua, moyoni alijua siku zote, kwamba mtu aliyembeba siku mbili hawezi kumwacha. Akanishika mikono miwili akaibusu, mikono hii hii.

Tangu Alhamisi sina raha. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imekwisha mapema kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mzee hakukubali kungoja uzinduzi. Miezi mitatu kwake ni mingi. Ameomba ruhusa kwa Tena, ameahirisha meno yake, amenunua shati jipya. Nilijaribu kumzuia kwa kila hila. Nilisema Baba ana moyo dhaifu, nilisema nyumba inapakwa rangi. Alinisikiliza kwa upole kisha akaniuliza basi la kwanza huondoka saa ngapi.

Dada, huyo mzee aliyekupa bahasha hii mkononi ndiye.

Nilimwambia ni vipimo vya gauni lako, akupe wewe mwenyewe na asiondoke mpaka uandike majibu. Hataifungua, si mtu wa namna hiyo. Nimemkatia tiketi ya basi la asubuhi ili afike saa nane, Baba akiwa amelala usingizi wake wa mchana, ili kuwe na muda. Mwache sebuleni, mpe maji na mto wa kuwekea mguu. Wewe nenda chumbani umwamshe Baba taratibu. Mwambie ni nani amekuja. Mwambie kwamba hospitalini hakukoroma, nilisikia kila neno, na kwa miaka tisa nimeendelea kumtilia chumvi kwenye chai kama anavyopenda. Kisha mwambie uongo wote niliousema kwa niaba yake, mmoja mmoja, usimfiche hata siku zile nne.

Usimwelekeze aseme nini. Najua utataka, wewe ni mkubwa wetu na umezoea kupanga. Anaweza kuyashika maneno yangu akayafanya yake, na yule mzee atarudi huku akiwa na furaha mpaka kufa kwake, na mimi sitafungua mdomo. Au anaweza kusema alilolisema kitandani. Mimi nilimjibia bila kumuuliza, na hilo ndilo linalonitesa zaidi ya uongo wenyewe, kwa sababu huenda kwa miaka yote hii alikuwa anangoja aulizwe na mtu huyo huyo.

Huku Tena anasema picha ya mazishi tutaipiga upya kesho, mzee akishaondoka. Nimekataa kuwapa shati.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Mdogo wetu akipiga simu usimwambie kitu bado, jina ni lake na atataka kuja. Nami nakusalimu kwa mapenzi yote, na kwa woga ambao sijawahi kuwa nao tangu tulipokuwa wadogo tunamngoja Mama aone tulichovunja.

Ni mimi mdogo wako, fundi.

Nimesahau jambo moja, na bahasha nimekwisha kuilamba, nimeichana tena. Mzee haji mikono mitupu. Usishtuke ukimwona anafungua kile kifurushi mbele ya Baba. Nilimuuliza amebeba nini, akasema hakujua amletee nini mtu aliyemtafuta siku nne, basi amepita sokoni kumnunulia mahindi.